Mgeni Yuko Meta

Mradi wa Kuku,
Hirbadaw, Hanang.
14 Aprili 1975

Dada Verdiana,

Shikamoo. Nakuomba, kabla ya mstari unaofuata, uangalie kama Mama yuko karibu. Kama yupo, ikunje karatasi hii, mwambie ni mambo ya shule, uisome baadaye ukiwa peke yako. Najua umezoea kumsomea barua zangu kwa sauti. Hii usimsomee. Usimwonyeshe mwalimu mwenzako, wala katekista, wala balozi wa nyumba kumi. Ukimaliza itie motoni, usimame hapo hapo mpaka iungue yote, hata kipande chenye jina langu.

Mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia mwanao Basili ameanza kutambaa, na kwamba baba wa watoto anaendelea vizuri na masomo huko Dodoma. Mwambie Genoveva kuwa daftari la picha nililomwahidi bado nalitafuta. Duka la hapa lina sabuni na chumvi tu. Habari ya mke mwambie Mama isubiri. Huku mvua zimekuwa nyingi na barabara ya Katesh imekatika mara kwa mara.

Sasa nisikilize. Mwezi wa pili uliniandikia nisaidie shule yenu ipate kuku wa mradi wa Kujitegemea. Nilikusaidia. Jina la shule nililipeleka mwenyewe kwa Meneja, naye akakubali. Ninachokuomba leo ni kwamba kuku hao wakija, mkatae. Sema banda limebomoka. Sema lolote. Wasiingie shuleni, na mtu yeyote atakayetoka huku asilale nyumbani kwetu.

Hujawahi kuyaona mabanda haya. Ni marefu hivi kwamba mtu akisimama mlango wa mbali huwezi kumtambua sura. Kuku wanakaa kwenye vizimba vya waya, kizimba juu ya kizimba, wamebanana, hawawezi kukunjua bawa. Wamekatwa ncha za midomo wasidonoane. Taa hazizimwi, ili wale na kutaga bila kujua kuna usiku. Mwanzoni nilijivunia, unakumbuka nilivyokuandikia: hiki ni kiwanda cha mayai cha nchi nzima. Sasa naona kiwanda hakichagui cha kutengeneza.

Pampu ya kisima ilipoharibika tulianza kuteka maji ziwani kwa tangi, pale pale wanapotua bata maji. Baada ya hapo kuku wa banda la kwanza wakaanza kuinamisha vichwa, vilemba vya nyama kichwani vikawa rangi ya zambarau, asubuhi wakakutwa wamekufa safu nzima. Daktari wetu wa mifugo, Ndugu Philemon, aliwapasua. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Akasema, "Karani, hiki si kideri. Kideri nakijua kama ninavyomjua mama mkwe wangu."

Nikamwuliza ni nini basi. Akanawa mikono muda mrefu, halafu akasema, "Ugonjwa ukiingia kwa kuku wa bibi yako, unawamaliza, unakosa wa kumrukia, unakufa nao. Hapa tumeupa maelfu, wote wa damu moja, wote mahali pamoja, hawana pa kukimbilia. Unatoka kwa huyu unaingia kwa yule, na kila mara unajifunza kitu. Ugonjwa huu tumeupeleka shule."

"Na ukihitimu?"

"Utatafuta kazi kwa watu."

Tukacheka, Dada. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka.

Meneja aliamuru mizoga isipotee bure, ichemshwe wapewe nguruwe wa mradi. Haikuchemka vya kutosha; kuni zilikuwa mbichi. Nguruwe wakaanza kukohoa. Wanakohoa kama watu, ukipita nyuma ya ukuta unadhani kuna mkutano. Kisha akakohoa Felician, aliyekuwa akiwalisha. Midomo yake ikawa na rangi ile ile ya vilemba vya kuku. Amekufa. Mkewe, ambaye hajawahi kukanyaga hapa mradini, alimuuguza, naye amekufa. Hilo la mke ndilo lililomtisha Philemon: sasa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Alitaka kupeleka damu ikapimwe mjini, Meneja akakataa. Siku chache baadaye Philemon akapata uhamisho, akaondoka bila kuaga.

Meneja wetu, Ndugu Nicodemo, si mtu wa huku. Aliniita akasema, "Karani, andika kideri. Kuku wa taifa hawafi kwa uvumi." Nikaandika.

Barua zote sasa zinapita mezani kwake kabla ya kufungwa kwenye mfuko wa posta. Hii nampa mkononi Joakimu, dereva wa lori, anakuja Mbulu kuchukua mashudu. Ataishonea ndani ya bitana ya koti. Kuanzia sasa nikiandika kwa njia ya ofisi, kuku nitawaita "mgeni". Na ugonjwa huu nitauita kwa lile neno la bibi yetu: meta. Nimefikiri sana nikaona hakuna neno bora. Unakumbuka nyumba iliyoingia meta baada ya msiba: hawapeani mkono na mtu, hawachoti maji kisimani na wengine, ng'ombe wao hawachungwi na wa watu, chakula wanawekewa njiani. Ndivyo ninavyotaka mfanye. Najua unalichukia neno hilo kwa ajili ya rafiki yako Kornelia, alipotolewa kwao na mimba, akazalia kwenye kibanda cha mpakani kama mbwa. Nisamehe. Nilihitaji neno ambalo Meneja halijui.

Choma barua hii.

Ni mimi mdogo wako,
Gregory Margwe

---

Mradi wa Kuku,
Hirbadaw, Hanang.
6 Mei 1975

Dada Verdiana,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote hapo nyumbani, Mama, Genoveva na Basili. Mimi sijambo. Mvua zimepungua.

Kazi za mradi zinaendelea vizuri chini ya uongozi wa Ndugu Meneja. Kuku wachache walipatwa na kideri, lakini hali imedhibitiwa. Waliosalia ni wazuri na watagawiwa kwa shule na vijiji vya ujamaa kama ilivyopangwa.

Dada, mgeni ambaye atatoka kwangu kuja kwenu, ujue kwamba yuko meta. Nakusihi asipokelewe nyumbani. Watoto wasimshike. Mfanyie yote ambayo bibi angefanya. Usinichoke kwa kurudia: mgeni yuko meta.

Wako,
Gregory

Nimeongeza mstari huu baada ya Ndugu Meneja kuipitia barua. Aliniuliza, "Hii meta ni nini?" Nikamjibu ni likizo ya kikwetu. Akauliza, "Ya malipo?" Nikasema bila malipo. Akacheka sana, ameniruhusu nikuandikie kichekesho hiki.

---

Shule ya Msingi,
Mbulu.
25 Mei 1975

Ndugu yangu Gregory,

Marahaba. Barua yako ya tarehe sita imefika, ndiyo barua ya kwanza kupata kutoka kwako tangu Pasaka, tulidhani umetusahau. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na Mama analalamika magoti. Basili sasa anasimama akishika kiti. Genoveva anauliza daftari lake kila mtu anapobisha hodi.

Watoto wamemaliza kujenga banda la kuku. Wamelipaka chokaa na kuandika mlangoni KUJITEGEMEA, herufi ya mwisho imekosa nafasi ikabidi ipande juu. Tunawangoja kwa hamu.

Sasa mdogo wangu, nizungumze nawe kama dada. Nilikuwa namsomea Mama barua yako kama kawaida, nikafika kwenye neno lile, nikashtuka, lakini sauti ilikuwa imeshatoka. Meta! Wewe uliyemaliza kidato cha nne, mbatizwa, karani wa serikali? Huna haja ya kunificha kwa mafumbo. Nimeelewa. Kuna msichana. Ana mimba yako, umeona aibu, unataka kumleta kwetu halafu unataka sisi tumweke mpakani kama walivyomweka Kornelia ili watu waseme umefuata mila. Sitafanya hivyo. Nilikuwa na umri wa Genoveva nilipokuwa nampelekea Kornelia uji kwa kujificha, nikaapa kwamba neno hilo halitaingia kwenye nyumba nitakayokuwa na sauti ndani yake.

Mama yeye aliweka chini mahindi aliyokuwa anapukuchua, akasema, "Gregory amesema nini tena? Soma hapo." Nikasoma. Akasema, "Basi. Mtu akikwambia mgeni yuko meta, humwulizi kwa nini. Unakata miti ya kibanda."

Nikamwambia, "Mama, hizo ni zama za giza."

"Mwalimu, kwani sasa umeona wapi taa?"

Tumeongea maneno mengi, sitayaandika. Mlete huyo msichana, au mtume peke yake kama unaogopa uso wangu. Nitampokea kwa mikono miwili. Atalala kitandani kwa Genoveva, atakula sahani yetu. Nimeshafua blanketi.

Dada yako akupendaye,
Verdiana

---

Mradi wa Kuku,
Hirbadaw, Hanang.
9 Juni 1975

Dada Verdiana,

Shikamoo. Nimepokea barua yako leo asubuhi. Nashukuru kusikia habari za nyumbani. Mimi ni mzima.

Unasema ndiyo barua ya kwanza tangu Pasaka. Naomba unijibu kwa haraka: hukuonana na Joakimu? Ni mrefu, ana koti la kaki. Alitoka hapa katikati ya Aprili na hajarudi. Hapa wanasema lori liliharibika Dongobesh likaletwa na dereva mwingine. Mkaulize mtu yeyote Dongobesh.

Dada, sina msichana. Naapa kwa ubatizo wangu unaoutaja. Mgeni si mtu. Siwezi kueleza zaidi kwa kuwa maelezo ya kazi yana utaratibu wake. Fanya kama Mama alivyosema. Fanya kama Mama alivyosema, hata kama ni kwa kunidharau.

Lori la shule limeondoka hapa jana. Nilikwenda kwa Meneja kuomba lichelewe wiki moja, nikasema matairi si mazuri. Akanitazama, akasema, "Karani, mbona unatetemeka? Na wewe una kideri?" Watu waliokuwepo wakacheka. Mmoja wao alianza kucheka akamalizia kwa kukohoa.

Kuna mfanyakazi wa kuokota mayai, binti anaitwa Hilaria, ni wa huko kwetu milimani. Jana hakuweza kusimama. Wamempandisha kwenye lori hilo hilo arudi kwao. Nilimsikia akimwuliza dereva kama lori linapita shule ya Mwalimu Verdiana, maana niliwahi kumtajia jina lako. Nilimtajia kwa wema tu.

Nimeandika vibaya, nisamehe. Barua hii ikikufikia kabla ya lori, nitamshukuru Mungu.

Gregory

---

Shule ya Msingi,
Mbulu.
12 Juni 1975

Ndugu yangu Gregory,

Marahaba, ingawa hujaniandikia tena. Tu wazima, isipokuwa mafua kidogo ya baridi.

Kuku wamefika! Watoto walipanga mistari miwili wakaimba lori lilipopanda kilima. Ni weupe kama karatasi, wapole, hata hawakimbii, wanakaa pale unapowaweka. Midomo yao imenisikitisha. Mwalimu Mkuu amepanga zamu ya usafi, darasa la tatu ndio wameanza, Genoveva akiwemo, anatembea kama kiranja.

Na mgeni wako amefika. Hukusema kwamba ni mzuri hivyo. Aliteremshwa nyuma ya lori, katikati ya vizimba, hawezi kusimama, amejifunga kanga kichwani. Akasema, "Shikamoo Mwalimu, mimi ni Hilaria, Gregory aliniambia habari zako." Nikamkumbatia pale pale mbele ya watu, ili waone. Nilimwambia hapa kwetu hakuna mpakani.

Anakana, Gregory. Analia na kusema hana mimba, ni homa tu. Nimemwambia wote husema hivyo na hakuna wa kumhukumu. Anatapika asubuhi, hali chakula, anapumua kama aliyepanda mlima. Nimempa kitanda cha Genoveva na wanalala pamoja kwa ajili ya baridi. Genoveva amempenda, anampa uji kwa kijiko.

Mama amenitia aibu. Alisimama uani, hakumpa mkono, akaniuliza mbele ya binti wa watu, "Mgeni aliyetoka kwa Gregory ni huyu?" Nikasema ndiye. "Na nani tena katoka huko?" Nikasema hakuna, ni kuku wa shule tu. Akafikiri. Akasema, "Basi wote wako meta." Akambeba Basili mgongoni, akachukua chungu kimoja na kibuyu kimoja, akaenda kukaa kwenye kibanda cha kulindia mahindi kule ng'ambo ya kijito. Nimemfuata mara mbili kumwomba mtoto. Ananirushia mawe madogo, Gregory, kama mtu anayefukuza ndege. Anasema nisivuke maji.

Njoo uoe, uyamalize haya.

Verdiana

---

Mbulu.
20 Julai 1975

Gregory,

Sikusalimu. Niko meta. Mama amesema aliye meta hatoi salamu wala hapokei.

Usitafute tena daftari la Genoveva. Tulimzika tarehe mbili.

Hilaria alitangulia. Alikufa mchana, mimi nikiwa nimemshika mkono, bado namwambia asione aibu. Hakuwa na mimba. Wanawake waliomwosha waliniambia. Wawili kati yao hawapo sasa.

Mimi niliugua nikapona. Sijui kwa nini mimi. Nilipoweza kutoka nje nikakuta chakula kwenye jiwe la njiani, kimefunikwa jani la mgomba. Kila asubuhi kinakuwepo. Mama anakiweka, anarudi nyuma hadi kwenye mti, anasimama mpaka anione nimekichukua. Basili anapunga mkono akiwa mgongoni kwake. Wao ni wazima.

Watoto wa darasa la tatu waliokufa, wale wa zamu ya kwanza, sitaandika majina. Wangekuwa wengi zaidi. Tangu siku ile ile ya kuku, Mama alisimama kwenye njia panda akawa anawaambia wazazi, kwa lugha yetu, kwamba kuku wale wako meta na aliyewashika yuko meta. Wazee wakaitikia, wakawafungia watoto wao nyumbani. Katibu Kata akaja kwa hasira. Nilikuwa nimelala, lakini sauti zilifika mpaka ndani.

"Mama, hii ni hujuma. Kuku hawa ni wa serikali, si wa mizimu yenu."

"Haya. Na serikali ikikohoa, isimame kule."

"Nitakuweka ndani!"

"Njoo unishike basi. Nishike mkono."

Hakumshika. Baadaye banda likazungushiwa miiba na kuchomwa moto na kuku ndani. Hakuna aliyesema ni nani aliyechoma. Neno KUJITEGEMEA bado linasomeka nusu.

Barua yako ya Juni ilifika Genoveva ameshazikwa. Ile ya Aprili ilifika wiki iliyopita. Alikuja mwanamke nisiyemjua, akasimama njiani, akaita. Ni mke wa Joakimu. Joakimu aliugua Dongobesh, akalala kwa ndugu zake, hakuamka. Koti lilikaa limetundikwa ukutani kwa sababu hakuna aliyetaka kulivaa. Siku moja wakaona bitana imeshonwa kwa uzi mweupe. Mama alimwamuru aiweke barua kwenye jiwe, aiwekee kokoto, aondoke. Ikalala juani mpaka jioni. Ndipo nikaisoma.

Uliniambia niichome. Sikuichoma. Niliisoma mara nyingi. Ni barua nzuri, imeandikwa wazi, kila kitu kipo.

Neno lililomtoa Kornelia kwao ndilo lililombakiza Basili. Nimejaribu kulichukia kama zamani nimeshindwa, na nimejaribu kulipenda nimeshindwa pia. Ninalo tu, kama mtu aliyepewa kitu ashike, mwenyewe asirudi kukichukua.

Mama ananiuliza kwa ishara kama wewe upo. Sijui nimjibu nini.

Verdiana

---

Yaeda Chini.
17 Agosti 1975

Dada,

Nami sikusalimu. Utajua sababu.

Barua yako nililetewa na mfugaji mmoja anayejua nilipo, aliyepita mradini akaikuta kwenye mfuko wa posta uliotupwa mlangoni. Mradi umefungwa. Hakuna aliyeufunga rasmi, watu walikwisha. Waliobaki walipakiwa na lori kurudishwa makwao, huku na huku, na mimi nilijaribu kusema wasipelekwe, lakini sauti yangu ni ya karani. Ndugu Meneja yuko likizo. Ile ya kikwetu. Nilimpelekea maji mwishoni, nikayaweka mlangoni, nikarudi nyuma. Alikasirika. Alisema, "Hata wewe?" Baadaye akaniuliza tena lile neno linatamkwaje, nikamfundisha, akalirudia.

Kabla ya kuondoka nilifungua vizimba vyote vilivyokuwa na kuku hai. Hawakutoka. Nilidhani nitawaona wakikimbia. Nilipogeuka mlangoni walikuwa bado wamekaa wamebanana, milango wazi, taa zinawaka. Nikafikiria bata maji na fisi watakaoubeba ugonjwa mbali, nikavifunga tena, nikayachoma mabanda pamoja nao. Nguruwe pia. Sitaeleza.

Sikurudi nyumbani. Nilitembea kuja huku bondeni kwa sababu watu ni wachache na wako mbali mbali. Kila nilipoona moshi nilizunguka. Niko peke yangu chini ya jabali, karibu na korongo lenye maji kidogo. Kuna wawindaji ng'ambo ya pili. Waliniona siku ya kwanza, mmoja akataka kuvuka, nikaokota mawe madogo nikayarusha, kama ulivyoandika kuhusu Mama. Alielewa. Sasa wananiwekea asali na viazi vya porini juu ya jiwe, wanaondoka. Sikuwaambia neno lolote. Sidhani neno letu wanalo, lakini jiwe wanalijua.

Habari ya Genoveva nimeisoma. Nimekaa nayo. Nilitazamia kulia na ninangoja bado. Daftari nilikuwa nimelipata, Katesh, mwezi wa Mei. Lina picha ya twiga. Sikulituma kwa sababu niliogopa nimelishika. Liko hapa.

Kuhusu kifua changu, sitaandika.

Barua hii imekaa juani siku nzima kabla sijamwachia mfugaji kwenye jiwe. Nawe fanya hivyo hivyo kabla ya kuigusa. Mwambie Mama nipo. Hilo tu, nipo.

Mama akishawatoa meta, mkinyolewa nywele na moto mpya ukiwashwa, ukitaka kunifikia fuata hivi. Shuka kwa njia ya ng'ombe kutoka milimani, usipande gari la watu. Usilale kwenye nyumba ya mtu. Ukifika bondeni uliza jabali lenye nyuki. Watakuonyesha kwa kidole, usiwape mkono. Utafika kwenye korongo. Usivuke maji. Kaa upande ule wa jiwe jeupe, uwashe moto wa majani mabichi, nione moshi. Nitatoka nisimame ng'ambo.

Mimi ndiye mdogo, kwa hiyo salamu ni yangu kuianza. Nikisema shikamoo, vuka. Nikisimama kimya, weka ulicholeta juu ya jiwe, urudi kwa Mama.

Gregory